Banda la okidi nyuma ya nyumba hapa Dar: jua likatwe, upepo uachwe

Watu wakisikia grinhausi akili inaenda kwenye yale mabanda ya nailoni ya kulimia nyanya, basi anaitwa fundi anafunika pande zote, alafu okidi, haya maua ya urembo, zinapikwa humo ndani taratibu. Jamani, grinhausi za Ulaya kazi yake ni kutunza joto, sisi Dar joto tunalo la kugawa, mwezi wa pili saa saba mchana nani anataka aongezewe? Banda la hapa kwetu likate jua na lizuie masika, basi, pembeni acha wazi upepo upite.

Langu ni mita 3 kwa 4, liko nyuma ya nyumba ila halijagusana na ukuta, maana tofali zinashika joto mpaka usiku. Nguzo ni mirunda, sehemu inayoingia chini imepakwa oili chafu alafu ikazungushiwa zege, mchwa wa huku hawana adabu. Kama bajeti inaruhusu weka bomba za chuma uondokane na hiyo habari kabisa. Paa lisiwe chini, katikati lifike mita 3 au zaidi, joto lipate pa kupandia na liwe na upenyo wa kutokea juu.

Nailoni chukua ile ya grinhausi yenyewe yenye kinga ya jua, maikroni 200, hii ya kawaida inapauka na kuchanika mapema. Na neti ya kivuli usiilaze juu ya nailoni, inyanyue kama sentimita 30 hivi hewa ipite katikati, ukiingia ndani utaona mwenyewe. Phalaenopsis, zile okidi za maua kama kipepeo, zinataka neti inayokata mwanga asilimia 70 mpaka 80. Vanda na Dendrobium, okidi za aina nyingine, zinapenda mwanga zaidi, 50 inatosha, kwahiyo mi paa nimeligawa mara mbili. Ukiona majani yamekuwa kijani cha giza ujue mwanga ni mdogo na maua utayasikia kwa jirani, yakianza umanjano ujue jua limezidi.

Sakafu usipige zege hata fundi akikushawishi vipi. Mwaga kokoto juu ya udongo, mchana wa joto kali unazilowesha tu na unyevu unapanda wenyewe.

Sasa maji, na hapa ndo okidi nyingi za mjini zinafia. Visima vya sehemu nyingi za Dar vina chumvi, na okidi haivumilii chumvi kabisa, ncha za mizizi zinakuwa nyeusi zinakufa alafu mtu anadhani ni ugonjwa anakimbilia dawa. Weka gata kwenye paa la nyumba, maji ya mvua yaingie kwenye simtanki, ndo uyatumie hayo. Hata makumbi ya nazi ya kupandia yanabeba chumvi, yaloweke siku kadhaa huku unabadilisha maji, ndo uchanganye na vipande vikubwa vya mkaa. Udongo usiweke hata kiganja, hizi ni mimea ya kukaa juu ya miti, mizizi inataka hewa. Vanda wala haihitaji chungu, ining'inize tu mizizi nje, ila hiyo umwagilie kila siku. Na umwagiliaji wote uwe asubuhi, majani yakilala na maji usiku yanaoza.

Kwa anayeanza, nunua Dendrobium kwanza, hizo joto letu zimelizoea. Phalaenopsis nazo zinakaa vizuri tu ila usizitegemee kutoa maua mwaka mzima, zinataka usiku wa baridi kidogo ndo zitoe bua la maua, kwahiyo subiri kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane. Na wale wanaoniuliza kuhusu kung'oa okidi Kitulo, kwanza ile ni hifadhi ya taifa, pili zile zimezoea baridi ya mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, huku Mbagala zitafika tu kuaga.