Kasi Nne za Mtiririko Mmoja: Fuata Pakiti Kabla ya Kugusa Msimbo

Jumamosi moja mwanafunzi wa mwaka wa nne alinijia hapa Kahawa West na laptopu yake na karatasi iliyokunjwa. Alikuwa ameiga mtandao wa LTE (4G) kwa ns-3, programu ya kuiga mitandao kwenye kompyuta: mnara mmoja, simu moja, data ikishuka kutoka kwenye seva. Karatasini kasi ya mtiririko uleule ilikuwa imeandikwa mara nne. Programu ya mtumiaji ilisema megabiti 8.00 kwa sekunde, FlowMonitor, kipimo cha mitiririko cha ns-3, 8.22, kisha PDCP 8.24 na RLC 8.26, ambazo ni tabaka mbili za redio ya LTE.

"Kaka, ya kweli ni ipi?"

Zote. Nami niliwahi kupoteza wiki tatu za tasnifu yangu nikiwinda kosa kwa sababu ya pengo kama hilo. Ndiyo maana nawasihi mnaoanza: msimbo usubiri, shika kalamu kwanza ufuate pakiti moja tabaka kwa tabaka.

Tukaifuata yake. Programu ilituma pakiti 1,000 kila sekunde, kila moja baiti 1,000, yaani megabiti 8 kamili. Tabaka la UDP huongeza heda, yaani maelezo yanayotangulia data, ya baiti 8, na tabaka la IP 20. FlowMonitor husimama kwenye IP, kwa hiyo kwake pakiti ni ya baiti 1,028. PDCP ikaongeza 2, na RLC aina ya UM, isiyorudia pakiti zilizopotea, 2 nyingine. Lori la mahindi likipanda mzani wa Mlolongo, hupimwa mahindi, magunia na lori lenyewe, ilhali mwenye kinu hulipia mahindi tu. Kijana alizidisha 1,032 kwa 8, kisha kwa 1,000. Ilipotoka 8.256 alinyamaza, akairudia hesabu ile polepole, kidole kikifuata kila mstari.

Pengo la heda huwa dogo pakiti zikiwa kubwa. Ukiiga sauti, yenye pakiti ndogo za baiti 160 mara 50 kwa sekunde, programu itakuonyesha kilobiti 64 na IP 75.2. Bado hakuna kilichoharibika.

La kuogopa ni pengo linalokua. Tulipoongeza mzigo hadi ukaishinda redio, PDCP upande wa kutuma iliendelea kupanda huku RLC upande wa kupokea ikiwa imekwama. PDCP huandika kila ilichoikabidhi RLC, basi. Bafa ya RLC UM, yaani foleni ya pakiti zinazosubiri kutumwa, katika ns-3, usipoibadilisha, ni baiti 10,240. Pakiti kumi za kijana hazienei humo. Ikijaa, zinazofuata hutupwa kimyakimya. Kwa hiyo linganisha kupokea na kupokea, kamwe usilinganishe kutuma kwa tabaka moja na kupokea kwa jingine, labda kama unatafuta mahali pakiti zinapopotelea.

Chini zaidi, kwenye MAC, tabaka linalogawa nafasi za redio, ukijumlisha bloku zote za data unaweza kuhesabu hata zilizorudiwa na HARQ, utaratibu wa kutuma tena bloku zilizoharibika, pamoja na nafasi zilizojazwa tu ili bloku itimie. Na kama uliiga bila EPC, kiini cha mtandao wa LTE, RLC huwa ya aina ya SM, ambayo hujaza kila nafasi inayopewa hata kama hakuna programu inayotuma chochote. Namba hiyo ni uwezo wa redio. Usimwandikie msimamizi wako kwamba ni kasi ya mtumiaji.

Kisha kagua unagawa kwa nini. Programu ikianza sekunde ya 2, usigawe kwa muda wote wa uigaji. Na megabiti ni biti milioni moja: ukigawa kwa 1,024 mara 1,024, 8.00 inageuka 7.63. Wiki zangu tatu zilikwenda hapo, kwenye mstari mmoja niliounakili kutoka mfano wa mtu mwingine bila kuusoma.

Kabla ya kuondoka, kijana alifuta kichwa cha jedwali lake, "Kasi", akaandika: "Kasi iliyopokelewa kwenye programu, sekunde ya 2 hadi ya 12, bila heda."