Maswali na majibu: vibali vya kujenga ufukweni na bondeni, mnakuja kuuliza zege limeshakauka

Nimechambua maswali ya mwezi huu. Mengi ni lile lile, mtu kashanunua, kashachimba msingi, ndo anauliza kibali. Twende.

Nimenunua kiwanja Kigamboni, kama mita 35 kutoka baharini. Serikali ya mtaa wamenipa barua yenye mhuri. Naombaje kibali cha ujenzi?

Huombi, kwa sababu hakipo cha kuomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa la asili, kingo za mto au bwawa, na nyumba ya kuishi ni shughuli ya kudumu hata ungeiita kibanda. Barua ya mtaa inasema tu kwamba mwenyekiti anakufahamu na mmeuziana mbele yake, basi. Mwenyekiti hapangi mji na wala hatoi kibali cha ujenzi, kinatoka halmashauri. Mnalipa mamilioni kwa mhuri wa elfu kumi halafu mnashangaa. Kama hujamaliza kumlipa muuzaji, simamisha malipo leo, kaone mwanasheria.

Hizo mita 60 zinahesabiwa kuanzia wapi?

Maji yanapofika yakijaa, na hapo nasema bamvua, yaani maji makubwa, sio pale ulipokanyaga mchanga mkavu na dalali. Madalali wa pwani wote wanajua jedwali la kujaa na kupwa kwa bahari kuliko manahodha, hawakupeleki saiti ila yamekupwa. Wewe nenda mwenyewe mwezi ukiwa mpevu, maji yakiwa yamejaa, nenda tena masika, alafu peleka mpima ardhi aliyesajiliwa akuwekee kwenye ramani. Hatua zako za miguu sio vipimo.

Mi nina hati kabisa ya wizara ya ardhi, kiwanja kipo ndani ya hizo 60. Nipo salama si ndio?

Upo salama kuliko mwenye barua ya mtaa, ila hujamaliza. Hati inakupa haki ya kumiliki, haikupi ruhusa ya kujenga chochote popote, ina masharti yake nyuma ambayo najua hujayasoma. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo kifungu cha 7 inataja mikoko, ardhi oevu na mita hizo hizo 60 za fukwe na kingo kwenye orodha ya ardhi ambayo inaweza kutangazwa hatarishi. Kwa hiyo kabla ya kumuita fundi fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, omba ramani ya upimaji, muulize afisa mipango miji hilo eneo limepangiwa nini, na akujibu kwa maandishi. Kama hati ni ya zamani kabla ya sheria ya mazingira kuanza, hiyo ni kazi ya mwanasheria, sio ya kubahatisha kwenye magroup ya WhatsApp.

Na msiniandikie tena "mbona hoteli fulani ipo juu ya mchanga". Zipo zilizojengwa kabla ya sheria, zipo zilizopitia tathmini ya athari kwa mazingira zikapewa masharti, na zipo zilizojengwa kibabe zinasubiri zamu yao. Hujui ya jirani yako ni ipi kati ya hizo.

Kiwanja changu kina matete na maji kidogo wakati wa mvua. Nikimwaga kifusi lori ishirini si panakuwa pakavu?

Panakuwa pakavu kwako. Maji yanahamia kwa jirani, na mvua ikizidi yanarudi kwako pia. Matete hayaoti kwa bahati mbaya jamani, hapo ni njia ya maji. Bonde la Msimbazi hapa Dar limeshatufundisha, mafuriko ya Desemba 2011 watu wakahamishiwa Mabwepande, wengine wakauza vile viwanja wakarudi bondeni, Desemba 2015 zikaja X nyekundu za bomoabomoa na matingatinga. Kabla ya kifusi nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri na bodi ya maji ya bonde lako, kwa Dar ni Wami/Ruvu. Na ujue kumwaga kifusi kwenye ardhi oevu bila ruhusa ni kosa lenyewe, hata kabla hujaweka tofali.

Mbona watu wa Msimbazi wamelipwa fidia na wao walikuwa bondeni?

Kwa sababu wamepitiwa na mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia, na masharti ya benki hiyo yanataka hata asiye na hati alipwe nyumba yake. Usinunue bondeni kwa matumaini kwamba mradi utakufuata.

Bahari inakula kiwanja changu Kunduchi, naweza kujenga ukuta wa mawe?

Sio peke yako na sio kimya kimya. Ukuta unarudisha nguvu ya wimbi pembeni, unajiokoa wewe unammaliza wa kaskazini yako, naye atajenga wake, mwisho ufukwe wote unakwisha. Kunduchi kwenyewe kulianza kuliwa zamani, mchanga ulikuwa unachotwa kwenye mito inayoulisha ufukwe na maduka ya tofali yakashiba, bahari ikaja kuidai, hoteli ya Africana ikaondoka likabaki jina la kituo cha basi. Ukuta unataka mhandisi wa pwani, tathmini na kibali. Ule wa barabara ya Barack Obama ni mradi wa serikali uliosanifiwa, haukumwagwa na fundi wa mtaani na lori tatu za mawe. Nami naona kama nyumba iko mita kumi na tano kutoka majini hela ya ukuta ni bora uanze nayo kwingine.

Nataka kufungua loji Bagamoyo. Nikipata cheti cha NEMC, baraza la mazingira la taifa, natosha?

Hapana. Cheti cha tathmini ni kimoja, kibali cha ujenzi ni kingine, unahitaji vyote na cheti kinatangulia. Tathmini inafanywa na mtaalamu aliyesajiliwa, inasajiliwa, wananchi wanaulizwa, inapitiwa. Anayekwambia "nina mtu pale ndani, wiki moja" anakuibia. Malipo ya serikali yanaenda kwa kontroo namba, sio kwa namba ya simu ya kijana.

Mikoko miwili mitatu mbele ya kiwanja inaziba upepo, nikate?

Hapana. Ni hifadhi ya misitu, wakala wa misitu TFS wakikukuta usinitaje.

Nipo Paje, nianzie NEMC?

Zanzibar ni ZEMA, mamlaka yao ya mazingira. Mazingira sio jambo la Muungano.

Nipo Nairobi, huku kwetu mita ni ngapi?

Kenya kingo za mto ni kati ya mita 6 na 30, muulize NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, na usikadirie. Agosti 2018 Southend Mall na Ukay Centre ziliangushwa, na hayo ni maduka makubwa sio mabanda. Wenye mali walilalamika kwamba walikuwa na vibali vyao. Kwa hiyo ukipewa kibali cha kujenga mtoni, muulize aliyekitoa yeye mwenyewe angejenga pale.