Chembechembe kwenye maji ya bomba: maswali yenu

Maji yanatoka kwenye mtambo wa kuyasafisha yakiwa safi. Hizo chembe zinatoka wapi?

Humo humo bombani. Kuna kutu ya mabomba ya chuma, manganizi (madini ya asili yaliyomo majini) inayoganda taratibu, utando wa vijidudu kwenye kuta, na chembe chache zilizoponyoka kwenye chujio. Hutua na kulala miezi, hata miaka. Siku kasi ya maji ikibadilika ghafla, pengine bomba limepasuka au wazimamoto wamefungulia maji, mashapo hutibuka na mteja anakinga maji ya kahawia. Ndiyo maana kipimo cha mtamboni peke yake hakiniridhishi hata kidogo.

Kupima tope na kuhesabu chembe, si kitu kimoja?

Si kimoja. Kipima tope hupitisha mwanga majini na kusoma ule unaotawanyika kwa nyuzi 90, kisha hutoa jibu kwa NTU, yaani kizio cha kupimia tope. Jicho huanza kuona ukungu kwenye NTU 4 hivi. Lakini namba hiyo haikwambii chembe ni ngapi wala zina ukubwa gani. Kihesabu chembe hutumia leza na kunasa kila chembe inayokatiza mwanga, kwa kawaida kuanzia mikromita 2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukubwa una uzito wake: kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha, ana mikromita 4 hadi 6, na klorini ya kawaida haimuui. Mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, tope lilipanda kwenye mtambo mmoja na watu wanaokadiriwa kufika 403,000 wakaugua. Hata hivyo, kihesabu hakitofautishi kimelea na kutu. Maabara bado inahitajika.

Tunachukua sampuli mara moja kwa wiki. Inatosha?

Kwa chembe, hapana. Wimbi la chembe laweza kupita kwa saa chache tu, mara nyingi matumizi yanapopanda, na mchukua sampuli asilikute. Wekeni vifaa vinavyosoma mfululizo kwenye matangi na kwenye ncha za mtandao wa mabomba ambako maji hukawia. Rekodini na presha na mtiririko wa saa hiyo hiyo, la sivyo mtaona chembe zimepanda bila kujua kilichozitibua. Tena toeni hewa kwanza: viputo huhesabiwa kama chembe.

Maji yangu hutoka meupe kama maziwa. Ni chembe?

Kinga glasi moja, usubiri dakika chache. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, ni hewa tu. Yakibaki na ukungu, au kitu kikituama chini, toa taarifa siku hiyo hiyo.