Kiongozi Katika Ngome ya Wapinzani

Swali: Mhariri, kiongozi awezaje kukubalika mbele ya umati ambao wengi wao hawakumpigia kura?

Jibu: Huanza kwa kuwaheshimu kabla ya kuwaomba lolote. Nelson Mandela, aliyejifunza Kiafrikana, lugha ya watawala waliomfunga, akiwa gerezani, aliingia uwanja wa Ellis Park tarehe 24 Juni 1995 akiwa amevaa jezi ya Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini ambayo Waafrika wengi waliiona kuwa alama ya ubaguzi wa rangi, na umati uliojaa Wazungu ukaliimba jina lake kwa shangwe. Mwezi Agosti alikwenda Orania, mji wa Wazungu watupu, kumtembelea mjane wa Hendrik Verwoerd, waziri mkuu wa zamani aliyejulikana kama msanifu wa ubaguzi huo, jambo ambalo mimi naliona zito zaidi. Ahadi za barabara pekee hazitoshi, kwa kuwa msikilizaji anayehisi kudharauliwa huziona kuwa hongo.