Kondomu ya kike: jifunze kuivaa kabla ya siku yake

Nilichezwa unyago Newala, na somo wangu alinifundisha mengi ya chumbani. Hili hakunifundisha, maana na yeye hakufundishwa.

Mume wangu ni utingo wa lori. Msimu wa korosho ukianza mwezi wa 10, analala njiani: leo Tandahimba, kesho Masasi, keshokutwa yuko foleni ya bandari ya Mtwara. Huku sote tunajua pesa ya mnada inavyobadilisha mji. Sikuwa na ushahidi wa lolote, ila sikutaka kuusubiri. Nilipomtajia kondomu ya kiume akasema, "Kwani huniamini?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Zahanati moja nilipewa kondomu za kike mbili bila maelezo. Ni kifuko laini chenye pete mbili, moja ya kuingia ndani na moja ya kubaki nje. Ya kwanza, pete ya nje ikasukumwa ndani. Ya pili, mwenzangu akapita pembeni yake. Nilikesha nikiwaza. Dada mmoja mhudumu wa afya ndiye aliyenikalisha akanionyesha, na akaniambia kwamba likitokea kama lile, huku hujui hali ya mwenzio, wahi kituo cha afya ndani ya saa 72 ukaulizie dawa za PEP, yaani za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kuwa hatarini. Humezwa siku 28. Mimi nilichelewa, nikabaki na kupima na kusubiri. Namshukuru Mungu, majibu yalikuwa mazuri.

Sasa kuivaa. Chuchumaa, au weka mguu mmoja juu ya kigoda. Ibane pete ya ndani kwa vidole mpaka iwe kama namba 8, iingize, kisha tia kidole ndani ya kondomu uisukume hadi mwisho. Hakikisha haijajisokota. Pete ya nje ibaki nje. Halafu, na hapa ndipo nilipokosea mimi, shika pete ya nje kwa mkono na umwelekeze mwenzio aingie katikati yake. Mkimaliza, kabla hujainuka, isokote pete ya nje shahawa zisimwagike, ivute, ifunge kwenye karatasi uitupe. Haifuliwi ikarudiwa. Wala msivae ya kike na ya kiume pamoja, zinasuguana na kuchanika.

Kilichoniokoa mimi ni kwamba unaweza kuivaa saa kadhaa kabla, hivyo hakuna kubishana taa ikishazimwa. Ila usidhani hataiona, pete inaonekana. Mimi nilimwambia, "Baba Asha, nimeshavaa mimi, wewe huvai kitu." Akanyamaza, akakubali.

Mafuta ya nazi huharibu kondomu ya kiume ya mpira. Niliyopewa mimi ni ya nitraili, haidhuriwi na mafuta, lakini zipo za kike za mpira pia, kwa hiyo uliza kwanza. Na ewe mwenye kijiti, sindano au kitanzi: hivyo vinazuia mimba tu, virusi havivizuii.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, anayetarajia kuolewa, alikuja kulala kwangu. Nilifungua pakiti juu ya kitanda nikamwambia abane pete mwenyewe. Ina mafuta, ikamponyoka mara tatu, moja ikaingia uvunguni. Ya nne akaishika. "Mama mdogo," akasema, "hebu niache nirudie tena."