Majani ya Mwarobaini kwa Mtoto Mwenye Homa

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Igoma, jijini Mwanza, na nina mtoto wa miaka miwili. Kila akipata homa, mama mkwe wangu humchemshia majani ya mwarobaini ulioko uani na kumnywesha kikombe kidogo asubuhi na jioni. Husema ndivyo alivyowalea wanawe wote, na kweli mara nyingi homa hushuka. Sasa amenunua pia chupa ya mafuta ya mwarobaini, na anataka wifi yangu, mwenye mimba ya miezi mitatu, aanze kunywa majani hayo ili ajikinge na malaria. Namheshimu sana mama huyu na sipendi kumpinga bila sababu. Je, sayansi inasemaje, na madhara yapo? (Mama wa mtoto mmoja, Igoma)

JIBU: Dada yetu, naanza na chupa ya mafuta kwa sababu hiyo haiwezi kusubiri. Mafuta hayo hukamuliwa kutoka kwenye mbegu, na nguvu yake hailingani hata kidogo na ya maji yaliyochemshiwa majani. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza katika jarida la kitabibu la Lancet habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa ajili ya maradhi madogo madogo: baada ya muda mfupi walianza kutapika, wakasinzia kupita kawaida, wakahema haraka haraka na kupata degedege. Mafuta hayo yasipite kinywani mwa mtoto kabisa, hata kijiko kimoja cha chai, na chupa iwekwe mahali asipoweza kufikia.

Kuhusu majani, mama mkwe wako hakosei anaposema kwamba mti huo una dawa ndani yake. Watafiti wametenga kwenye mwarobaini kemikali kadhaa, ikiwamo gedunini, ambazo zikikutanishwa na vimelea vya malaria katika vyombo vya maabara huzuia ukuaji wake. Hata hivyo, kiasi kinachozuia vimelea maabara si lazima kifike kwenye damu ya mtu aliyekunywa kikombe cha majani, kwa kuwa dawa hupita kwanza tumboni na kwenye ini, ambako sehemu yake huvunjwavunjwa. Mwarobaini haumo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kutibu malaria, wala katika ile ya Tanzania, ambayo tangu mwaka 2006 imetumia dawa ya mseto, ALU.

Utauliza basi, mbona homa hushuka? Hapa ndipo wengi wetu huku Kanda ya Ziwa tunapopotezwa, na ningependa ulieleze jambo hili nyumbani kwa utulivu. Si kila homa ya mtoto ni malaria. Nyingi hutokana na virusi na huisha zenyewe baada ya siku chache, iwe mtoto amekunywa majani au hakunywa. Tena hata malaria yenyewe ina vipindi: vimelea hukua ndani ya chembe nyekundu za damu kwa takriban saa 48, kisha huzipasua na kuvamia nyingine, na homa huweza kupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko huo. Mtoto aliyepoa leo jioni anaweza kuwa bado ana vimelea vinavyoongezeka, huku damu yake ikipungua. Mtu mzima aliyeishi miaka mingi kandokando ya ziwa amejijengea kinga kiasi, kwa hiyo huweza kupata nafuu hata kwa tiba dhaifu. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo bado.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya mseto nayo imetokana na mmea, na hilo ni kweli kabisa. Artemisini, ambayo ni asili ya kiungo kimoja cha dawa hiyo, ilitengwa kutoka kwenye mmea wa Kichina uitwao artemisia mwaka 1972 na mtafiti Tu Youyou pamoja na wenzake, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini alifanikiwa baada ya kuacha kutumia joto kali, lililokuwa likiiharibu dawa hiyo. Na hata mmea huo uliothibitishwa hivyo, Shirika la Afya Duniani haliungi mkono unywaji wa chai yake kama tiba ya malaria, kwa sababu kiasi cha dawa hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na wagonjwa wengi waliotibiwa kwa chai hiyo katika majaribio nchini Kongo walirudiwa na vimelea. Ikiwa tahadhari ni hiyo kwa artemisia, kwa mwarobaini lazima iwe kubwa zaidi.

Wifi yako asinywe majani wala mafuta. Katika majaribio ya wanyama, dondoo za mbegu za mwarobaini ziliharibu mimba za panya na nyani, na hakuna kipimo cha majani kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito. Kinga yake ni chandarua chenye dawa pamoja na vidonge vya SP, ambavyo hutolewa kliniki miezi mitatu ya kwanza ikishapita.

Mama mkwe mwombe akusindikize na mtoto kituoni homa inapoanza, siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole hutoa jibu ndani ya nusu saa, na kwa sera ya taifa watoto wa chini ya miaka mitano hawatakiwi kulipia matibabu katika vituo vya Serikali. Akimwona mtoto anatapika kila kitu, hawezi kunyonya wala kula, amelegea, viganja vimepauka au amepata degedege, hapo msisubiri hata kuchemsha maji. Mti wake una kazi nyingine nzuri: watafiti wameona kwamba dawa ya kusukutulia iliyotengenezwa kwa mwarobaini hupunguza ukoga wa meno na uvimbe wa fizi za watu wazima. Ikiwa yeye mwenyewe anatumia vidonge vya kisukari, amweleze daktari kabla ya kunywa majani, kwa kuwa nayo huweza kushusha sukari. Nanyi mkifika kituoni, mwambieni muuguzi bila kuona haya kwamba mtoto amekunywa mwarobaini, kiasi gani na lini, na kama ni majani au mafuta.