Chupa ya matone niliyompa mdogo wangu

Jicho langu la kushoto lilikaa jekundu siku nne, bila tongo hata chembe. Nyumbani Wete, Pemba, kila aliyenitazama alisema: macho mekundu hayo, yatapita. Na kweli, kwenye benchi la kliniki ya macho wengi walikuwa na hayo: kirusi au bakteria, kope zimegandana tangu alfajiri. Watoto wa skuli wao walikuwa na aleji, wanafikicha mpaka weupe wa jicho unageuka kahawia.

Mimi nilikuwa katika wale wachache. Jua la mlangoni lilinichoma kama sindano. Daktari aliniweka kidevu kwenye mashine, akanimulika kwa mwanga mwembamba, akasema jicho limevimba kwa ndani. Wao huita yuveitisi. Akanipima kaswende na HIV, akanipeleka picha ya kifua, maana kifua kikuu nacho huweza kuingia machoni. Nikapewa matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kila saa, na mengine ya kutanua mboni isije ikagandana na lenzi. Nilipopona, chupa ya steroidi ilibaki nusu.

Nikaiweka. Msimu wa karafuu mdogo wangu akiwa juu ya mkarafuu alipigwa na kitawi jichoni. Likawa jekundu, linauma, halitaki mwanga. Nikaona ni yale yale yangu, nikamtia matone asubuhi na jioni. Siku ya nne palitokea doa jeupe kwenye kioo cha jicho, kama punje ya mchele. Fangasi. Kitawi ndicho kilichoileta, na dawa yangu ikaudhoofisha mwili usipigane nayo. Alitibiwa wiki nyingi, ila chamba kimebaki, na kwa jicho lile haoni vizuri.

Sasa mtu akiniuliza habari ya jicho jekundu, mimi humuuliza kwanza: linauma? Linaogopa mwanga? Uoni umepungua? Limepigwa na kitu? Jibu likiwa ndiyo hata mara moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usitie tui wala maziwa ya mama. Mtoto mchanga mwenye tongo naye hasubiri. Likiwa na tongo tu na linaona sawasawa, osha mikono, taulo lako usimpe mtu, lipe wiki moja mbili. Chupa iliyofunguliwa zaidi ya wiki nne, tupa, hata kama uliinunua ghali.

Mdogo wangu bado anachuma karafuu. Sasa hupanda na miwani ya fundi seremala, na wenzake wanamcheka.